Ushauri: Nahama Windows kwenda Ubuntu, bakapu nipige kwa programu ipi?

Mwana wa Nkuhungu: Wakuu, heshima kwenu. Nina laptopu mpya, wiki 3 tu tangu niinunue hapa Dodoma. Ina Windows 11, nataka kuweka mfumo wa Ubuntu badala yake. Kabla sijafuta, bakapu nipige kwa programu ipi? Nina hard disk ya nje ya GB 500. Ni haraka kidogo.

Zabibu Chachu: Ngoja waje wataalamu. Nimekaa pale na karanga zangu.

Mtumba Asubuhi: Ubuntu ya nini kijana? Mimi 2019 nilihama kwa mbwembwe, printa ikagoma wiki nzima. Nikarudi Windows kimyakimya kama mtu aliyerudi kwao na begi. Baki ulipo.

Fundi wa Kizota: Clonezilla, inanakili diski nzima. Ila angalia kwanza BitLocker, ile kufuli ya Windows inayosimba diski, mashine nyingi mpya zinakuja nayo imewashwa. Ikiwepo, Clonezilla haioni mafaili, inabeba kila kitu mpaka nafasi tupu. Diski yako GB ngapi?

Mwana wa Nkuhungu: 512. BitLocker ipo, ila hilo si tatizo sana.

Fundi wa Kizota: GB 512 haziingii kwenye 500. Halafu "si tatizo sana" ndiyo nini? Ufunguo wake wa tarakimu 48 unao?

Mama Wawili: Mume wangu alipoteza picha zote za harusi hivihivi. Hata ile ya wifi kasinzia ukumbini. Nilimlilia huyo wifi kuliko keki.

Mwana wa Nkuhungu: Basi niseme, msinipige mawe. Jana niliingia BIOS, ile mipangilio ya ndani ya mashine, nikazima Secure Boot, ulinzi wa wakati wa kuwaka, video ilisema lazima. Tangu hapo skrini inadai huo ufunguo. Dukani ndio walioniwashia, wakaweka barua pepe yao ili niwahi daladala, kwa hiyo ufunguo uko kwenye akaunti yao. Simu hawapokei. Lakini sikukurupuka, ile video ina watazamaji wengi.

Zabibu Chachu: Chai hii! Laptopu ya wiki 3 ina nini cha kubakapu? Na kama imejifunga, unaandikia wapi? Juzi ulikuwa humu unauliza bei ya kreti za zabibu Hombolo.

Mgeni wa Kibaigwa: Na mimi nilishasikia harufu ya tangawizi.

Mwana wa Nkuhungu: Naandikia simu ya dada. Zabibu ni za baba. Ndani kuna madodoso 212 ya utafiti wangu, nakabidhi Ijumaa. Anayeona chai asinywe.

Mtumba Asubuhi: 212, na hukujitumia hata kwa barua pepe?

Fundi wa Kizota: Mwacheni kwanza. Mkuu, rudi BIOS, washa Secure Boot kama ilivyokuwa, hifadhi, toka. Usiguse kingine. Mara nyingi chipu ya TPM, inayotunza siri ya kufungulia diski, ikikuta mambo yamerudi mahali pake inafungua yenyewe. Ikifunguka, nakili madodoso, kisha chukua ufunguo wako uandike kwenye karatasi. Ubuntu inawaka hata Secure Boot ikiwa imewashwa, hiyo video ilikuponza bure.

Zabibu Chachu: Na picha aweke.

Mwana wa Nkuhungu: IMEWAKA! Naandika kwenye laptopu yenyewe, dada kachukua simu yake. Fundi, Ubuntu nikianza saa hizi, hadi saa nne usiku itakuwa imeisha?

Fundi wa Kizota: Madodoso umeshanakili?

Mwana wa Nkuhungu: Hard disk iko kwa jamaa Ihumwa. Kesho anakuja nayo.