Acheni kusema wageni ndio wanaoifilisi serikali ya Marekani!

Wakuu, heshima kwenu.

Hili limenifika kooni. Kila ikitajwa bajeti ya Marekani wanajitokeza watu, tena Waswahili wenzetu, wengine wamekaa huku kunizidi, na kuandika kwamba serikali ya shirikisho inafilisika kwa sababu ya wageni wanaolishwa bure. Juzi kwenye kundi letu la WhatsApp mtu kaandika kabisa kuwa Wakongo wakirudishwa kwao deni litapungua. Watu wakamgongea dole! Mimi nafanya kazi nyumba ya wazee hapa Ohio, nakatwa kodi kila mshahara, na nasema bila kupepesa macho: huo ni uongo, na unawaumiza watu wanaozungumza Kiswahili kama wewe.

Tuangalie hela zenyewe. Mwaka wa fedha wa 2024 serikali ya shirikisho ilitumia karibu dola trilioni 6.8. Social Security, yaani pensheni ya wazee, wajane na wenye ulemavu, ilichukua karibu trilioni 1.5. Medicare, bima ya afya ya waliofika miaka 65, ikachukua karibu bilioni 870. Riba ya madeni, hela ambayo hainunui hata panadoli moja, ilikaribia bilioni 880 na kuipita bajeti ya jeshi. Kuponi za chakula mnazozipigia kelele zilikuwa kama bilioni 100 kwa nchi nzima, na wengi mno wanaozipata ni raia waliozaliwa hapa hapa. Misaada yote ya nje, ile waliyoifyeka mwaka 2025 na kuacha kliniki za kwetu zikihangaika, ilikuwa kama asilimia 1.

Huyo mkimbizi wa Kivu kakaa wapi kwenye hesabu hiyo?

Na mnajua sheria inasemaje? Tangu 1996, chini ya Rais Clinton, mtu mzima akipata grini kadi anasubiri miaka 5 kabla ya kuruhusiwa kuomba Medicaid ya shirikisho, yaani bima ya afya ya wenye kipato kidogo, na kuponi za chakula nazo siku hizi ni hivyo hivyo. Wakimbizi walikuwa wameondolewa kusubiri huko, kwa sababu mtu anashuka uwanja wa ndege na watoto na mfuko mmoja wa nguo. Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 imewanyang'anya kuponi mpaka wapate grini kadi. Wakongo ndio waliokuwa kundi kubwa la wakimbizi kuingia Marekani miaka kadhaa mfululizo, kwa hiyo tusijifanye hatujui ni sahani za nani zilizoondolewa mezani. Na sheria hiyo hiyo, kwa hesabu za ofisi ya bajeti ya Kongresi yenyewe, yaani bunge la Marekani, itaongeza nakisi kwa trilioni 3.4 ndani ya miaka 10, kwa sababu ya punguzo la kodi. Wamekata chakula cha mtoto na deni bado linapanda. Halafu unawapigia makofi!

Sasa chukua slipu yako ya mshahara, isome. Asilimia 6.2 inakwenda Social Security, 1.45 inakwenda Medicare, na mwajiri anaweka kiasi hicho hicho upande wake. Ndugu zetu wanaoendesha malori yao wenyewe wanabeba pande zote mbili, asilimia 15.3. Asiye na makaratasi anayefanya kazi kwa namba ya Social Security ya kuokoteza anakatwa vile vile, na pensheni yake hataiona. Hao ndio mnaowaita wanyonyaji?

Kinachonichoma zaidi ni ukomo. Mwaka 2025 kodi ya Social Security ilikatwa kwenye dola 176,100 za kwanza tu. Anayelipwa milioni moja kwa mwaka alikuwa amemalizana nayo mwanzoni mwa Machi. Mimi ninayegeuza wagonjwa usiku nakatwa mpaka Desemba, kila dola, pamoja na za ovataimu.

Mfumo wenyewe unakwenda kama upatu: wanaofanya kazi leo ndio wanaowalipa waliostaafu leo. Mama wa kwanza kulipwa pensheni ya kila mwezi, Ida May Fuller wa Vermont, mwaka 1940, alikuwa amechangia dola 24.75 tu, na hadi anafariki alikuwa amelipwa zaidi ya 22,000. Iliwezekana kwa sababu wachangiaji walikuwa wengi. Mwaka 1960 kila mpokeaji mmoja alikuwa na wafanyakazi 5 nyuma yake, leo hawafiki 3. Wadhamini wa mfuko waliandika mwaka 2025 kwamba akiba ya wastaafu itakauka 2033, na makusanyo yatatosha kulipa asilimia 77 tu ya ahadi. Nchi yenye shida hiyo inahitaji vijana wanaochangia. Ukiwafukuza, nani atalipa?

Kongresi inajua yote haya. Mara ya mwisho kufanya ukarabati wa maana ilikuwa 1983, enzi za Reagan, umri wa pensheni kamili ukasogezwa taratibu kutoka 65 hadi 67. Tangu hapo ni hotuba. Mwaka 2003 waliandika kwenye sheria kwamba Medicare isijadiliane bei na kampuni za dawa. Ikawachukua hadi 2022 kulegeza, na bei zilizojadiliwa za dawa 10 za kwanza zimeanza kutumika 2026. Miaka yote hiyo hela ilikuwa inavuja, na lawama kabebeshwa mama wa Kigoma anayefagia wodi.

Njooni muone ninapofanya kazi. Watu wanadhani Medicare inamtunza mzee mpaka kaburini. Haiwi hivyo: baada ya kutoka hospitali inasaidia siku 100 tu, na kuanzia ya 21 mgonjwa anachangia. Baada ya hapo ni mfuko wake. Nimemuona binti wa mzee mmoja, fundi wa kiwandani aliyechangia maisha yake yote, amekaa ofisini na boksi la karatasi za benki za miaka 5 nyuma, anaulizwa kila hundi ilikwenda wapi. Medicaid haikubali kulipa mpaka akiba ya mzee ishuke chini ya dola 2,000. Yule dada alikuwa analia. Na anayemwogesha baba yake ni Mkongo, anayempa chakula ni Mkenya, anayembadilisha shuka saa tisa usiku ni mimi.

Halafu balozi zetu nazo. Marekani ina mikataba ya kuunganisha michango ya pensheni na nchi kama 30, na hakuna hata moja ya Afrika. Mjerumani akifanya kazi hapa miaka 6 akarudi kwao, miaka yake inahesabiwa. Mtanzania au Mkenya akirudi kabla ya kufikisha pointi 40, kama miaka 10 ya kazi, pensheni hapati na alichokatwa harudishiwi. Dodoma na Nairobi mmelala?

Wenye uraia pigeni simu ofisi za wabunge wenu, muulize lini wataondoa ule ukomo na lini watawarudishia wakimbizi kuponi zao. Na mwenye takwimu za kunipinga aziweke hapa, nitazijibu moja moja.