Tupeane uzoefu: Mliuguzaje mgonjwa nyumbani akiwa na mshono wa operesheni na mpira wa kutoa majimaji?

Mleta mada
Wakuu habari. Mama yangu alitolewa titi la kushoto kwa saratani. Tuliruhusiwa akiwa na mpira mwembamba umetokea ubavuni, mwisho wake kichupa laini cha mviringo. Nesi alinielekeza, lakini kichwa changu kilikuwa kwenye bili na bajaji, nikaitikia tu "sawa, sista."

Usiku kichupa kikatuna. Nikafurahi nikidhani kinafanya kazi. Kumbe kikituna hivyo hakivuti tena! Ukishakimwaga unakiminya mpaka kinywee, na mkono ukiwa bado umekiminya ndipo unafunga kizibo. Kinavyojitahidi kurudia umbo lake ndivyo kinavyovuta. Sisi kilikaa siku 2 bure, kwapa la mama likajaa maji, tukarudi yakanyonywa kwa sindano. Namna alivyoniuma mkono siku ile sitasahau.

Baada ya hapo nikanunua daftari. Kila asubuhi na jioni nanawa kwa sabuni, namimina kwenye kikombe cha vipimo, naandika kiasi na rangi. Ilianza damu, ikawa pinki, ikaishia njano ya majimaji. Ilipopungua chini ya mililita 30 kwa saa 24, siku 2 mfululizo, daktari akautoa. Na nyie ilikuwaje?

Nesi wa wodi ya upasuaji
Pole kwa mama, mkuu. Hilo daftari ni dhahabu, sisi tunaamua kwa kuliangalia.

Ninachopambana nacho zaidi ni ndugu kufunua mshono kila saa wauchungulie. Gozi (kitambaa cha kufunikia kidonda) la tieta, yaani lililowekwa chumba cha upasuaji, likiwa kavu tunaliacha kama saa 48, ngozi ishikane kwanza. Likiloa, hapo tunabadilisha. Tunaosha kwa maji ya chumvi ya dripu, mshono kwanza, tundu la mpira mwisho na kwa gozi jingine, maana mshono ndio msafi zaidi. Spiriti msimwagie, inaunguza nyama changa. Pamba nayo huacha nyuzi ndani. Gozi likigandia lilowesheni, msilibandue kavu. Mkiona damu mbichi inajaa ghafla, homa, usaha, au mpira umechomoka, msisubiri kliniki, njooni usiku huohuo. Na mpira uliochomoka msiurudishe ndani.

Mama wa watoto 2
Mimi mshono wa uzazi. Mama mkwe alikuja na beseni la maji ya moto anikande tumbo, na mimi kwa heshima nikanyamaza. Maji yalikuwa ya kufukiza moshi, na kitambaa kilikuwa kilekile siku zote. Siku ya 6 mshono ukaachia kwenye kona ya kulia, ukatoa usaha unaonuka. Nilioshwa wiki 3, wanapachika gozi lenye unyevu ndani ya tundu, bila kulishindilia, ili nyama ijae kuanzia chini. Wangefunika juu tu, pangefunga huku ndani pameoza. Wadogo zangu nawaambia: mgongo na miguu mkandwe, tumbo lenye mshono hapana. Mwambie mumeo aongee na mama yake.

Kijana wa bodaboda
Mimi mpira wa kifuani baada ya ajali, chupa yenye maji iko sakafuni. Shangazi akaiinua aiweke kitandani apate kudeki. Nesi alivuka wodi mbio! Ikipita usawa wa kifua, maji yanaweza kurudi ndani. Baada ya hapo nikawa nailinda mwenyewe.

Mleta mada
Sista, na kuoga? Mama alilalamika sana.

Nesi wa wodi ya upasuaji
Mpira ukiwepo, mpanguse kwa kitambaa, pale unapoingilia pasilowe. Kichupa kibane kwa pini kwenye gauni lake, chini ya usawa wa kidonda. Kwenye shuka usikibane, akigeuka usingizini mpira utavutika.