Mama kagoma kulala mjini: kijijini na Mwanza, wapi kuna usalama?

Mwana Sengerema: Wakuu naombeni mawazo maana ndugu tumegawanyika. Mama yangu ana miaka 71, baba alishatangulia, kule kijijini Sengerema anaishi na mjukuu wa darasa la tano. Mimi niko Buhongwa, hapa Mwanza mjini, nyumba ina ukuta, geti, nondo kila dirisha, nikamleta akae kwangu moja kwa moja. Siku tisa tu kataka kurudi, akarudi. Anasema kwangu usingizi hauji, wakati kwake mlango ni wa mbao na komeo la ndani basi, na analala mpaka jogoo anawika. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 sisubiri kivuko tena, nafika kwake haraka, ila mwizi hatanisubiri nitoke Buhongwa. Nimwache kwake au nimrudishe kwangu kwa nguvu?

Mjomba wa Usagara: Mwache mama kwake bhabha. Kijijini ukipiga mwano, lile yowe la kuita msaada, saa nane usiku watu wanatoka na marungu na mishale kabla hujamaliza kuita, hata mgonjwa anatoka anasimama mlangoni ajulikane yupo. Huko mjini mwanaume akisikia jirani anapiga yowe anazima taa na kupunguza sauti ya TV. Ukuta wa futi nane wa nini kama ndani mmejaa waoga.

Kaka wa Nyakato: Mjomba hiyo kauli ifute. Mwaka juzi jirani yangu walimvunjia mlango kwa fatuma, jiwe wamelibeba watu wanne, mlango umelala chini kwa pigo la pili. Nilitoka na panga peke yangu na mke wangu ananishika shati, nikachanwa mkono nyuzi 11, hadi leo vidole viwili havikunji. Halafu mtu anakaa Usagara ananiita muoga.

Fundi Geti: Turudi kwa mama. Nachomelea mageti hapa Igoma mwaka wa 14 huu. Watu wanamaliza hela yote kwenye geti la mbele liwe na maua na simba, mlango wa jikoni wanaweka kitasa cha bei ya chini kabisa, na mwizi anapita huko huko jikoni. Kingine, nondo zikichomelewa dirisha zote moto ukiwaka hamtoki. Kila nyumba iwe na dirisha moja la chumbani lenye grili ya bawaba, kufuli ndani, ufunguo unaning'inia mahali hata mtoto anapajua usiku gizani. Mwana Sengerema kwako iko?

Mjomba wa Usagara: Kaka pole kwa mkono, kweli nimesikitika. Ila umejijibu mwenyewe, ulitoka PEKE YAKO. Mtaa mzima wapo wanaume wangapi? Kwetu asiyeitikia mwano kesho anaitwa mbele ya sungusungu, walinzi wetu wa jadi, anatozwa, akirudia anatengwa, haombi moto kwa mtu, hachoti maji na wenzake, akifiwa anachimba kaburi na wanawe. Ndio maana watu wanatoka.

Dada wa Ilemela: Nilikuwa nasoma kimya ila hapo kwenye kutengwa siwezi kupita. Bibi yangu mzaa mama, kijiji sitakitaja, alikuwa na macho mekundu. Mnajua yanatoka wapi yale macho? Ni moshi, miaka hamsini anapikia kuni na kinyesi cha ng'ombe kwenye kijumba kisicho na dirisha. Mtoto wa jirani akafa, mganga akapiga ramli, bibi akaitwa mchawi kwa yale macho. Watu walewale walioitikia mwano na babu yangu kwa miaka yote wakaacha kumsalimia. Tulimtoa usiku na gari la pamba. Kalala kwetu kwenye godoro la chini mpaka amekufa, na kila mbwa akibweka anaamka kukaa. Sasa Mjomba niambie, bibi yangu angepiga mwano angekuja nani?

Msukuma Halisi: Dada pole sana ila usichanganye mambo. Sungusungu ilianza mwanzoni mwa miaka ya 80, nadhani upande wa Kahama, vita vya Kagera vimeisha bunduki zimezagaa, ng'ombe wanaswagwa mchana kweupe, polisi wachache na wako mbali, wazee wakasema basi tujilinde wenyewe. Mwanzo serikali iliwaogopa, baadae ikawakubali, na 1989 sheria za mgambo zikarekebishwa wakapata nguvu ya kukamata. Hayo ya vikongwe ni ya waganga wa ramli, tusiwabebeshe wazee wetu walioturudishia mifugo.

Dada wa Ilemela: Mganga alipiga ramli kweli, lakini yeye mwenyewe hakuja kwetu usiku kurusha mawe batini. Waliokuja tunawajua kwa majina. Na mtoto wa Kwimba mwenye ualbino aliyechukuliwa usiku ndani kwao Desemba 2014? Mpaka serikali ikapiga marufuku waganga wa ramli Januari 2015. Watoto wengine ilibidi watolewe kwao wakakae bweni pale Mitindo Misungwi wakiwa wadogo kabisa. Kijijini kuna usalama kwa mtu ambaye kijiji kimemkubali. Mwana Sengerema jiulize mama yako ataendelea kukubalika mpaka lini, mjane, mzee, yuko na mjukuu tu.

Mwana Sengerema: Dada hapo umenikata ini. Macho ya mama kweli yameanza kuwa mekundu na sijawahi kuliwaza hilo.

Mvuvi wa Nansio: Nyie wote mna mlango. Sisi tukiwa majini mwano unaishia kwenye maji. Wanakuja na mtumbwi wa mashine mbili, wanamulika machoni, wanachukua mashine yako na nyavu wanakuachia kasia kama wana huruma. Mwenzetu walimwachia ubao wa kukalia, alipiga maji kwa mikono mpaka kunakucha.

Mpangaji Mabatini: Mimi narudi kwa Mjomba na waoga wake. Huku Mabatini nyumba zimepanda juu kwenye mawe, njia ya kupita mtu mmoja, usiku giza, ukisikia yowe hujui ni juu au chini, unaweza kukimbilia kwa aliyeumizwa ukafikiriwa wewe ndio mwizi ukachomwa moto. Hatutoki kwa sababu hatujuani sura. Napanga chumba miezi sita, jirani wa ukuta namjua kwa kikohozi tu.

Kaka wa Nyakato: Wewe sasa ndio tatizo. Wapangaji ulinzi shirikishi hamchangii. Elfu mbili kwa mwezi, vijana wanazunguka na filimbi usiku kucha na mvua, mpangaji ukimgongea anajibu mwenye nyumba hayupo.

Mpangaji Mabatini: Elfu mbili nilitoa Januari, nikatoa Februari. Machi wameniibia jiko la gesi na viatu vya shule vya mwanangu, filimbi sikuisikia. Nimeuliza risiti nikaambiwa nina kiburi. Mwenye nyumba wa magorofa mawili anatoa elfu mbili na mimi wa chumba kimoja elfu mbili, hiyo haki gani?

Mjomba wa Usagara: Kijijini hatulipi, tunalinda kwa zamu.

Mpangaji Mabatini: Mjomba mimi nashuka sokoni Kirumba saa kumi alfajiri kupokea dagaa, hiyo zamu nailala saa ngapi?

Kaka wa Nyakato: Kuna wenzako wanatoka kazini usiku na zamu wanakaa.

Mwana Sengerema: Nimempigia mama. Nimemuuliza kwangu alikuwa anaogopa nini, akasema kwangu usiku hasikii mtu akikohoa, anajua tu kuna kuta. Kwake akikohoa jirani anamjibu kesho asubuhi, mayu umelalaje. Ila nimemuuliza pia habari ya jiko, natafuta mtu wa kumjengea jiko lenye bomba la moshi na kumtobolea dirisha. Fundi, ile grili ya bawaba kwangu sina hata moja, nifuate wapi?

Fundi Geti: Njoo Igoma Jumamosi na vipimo vya dirisha, upana na urefu kwa ndani.

Mpangaji Mabatini: Na risiti?

Kaka wa Nyakato: Kikao cha mtaa wenu kikiitishwa simama uulize mbele ya watu wote mwenyekiti akujibu. Mimi kwetu niliuliza na daftari likaletwa.

Mpangaji Mabatini: Wapangaji huwa hatuitwi kikaoni.