Nashona mpaka saa 6 usiku lakini biashara haikui. Nakosea wapi kwenye muda?

BintiMkasi
Heshima kwenu wakuu. Naomba ushauri, na hata wa kunisema anakaribishwa, ila aniseme kwa hesabu.

Mimi ni fundi cherehani, nina fremu Tabata, mwezi huu inatimiza miezi tisa. Kabla ya hapo nilikuwa nashona kwa mtu, nalipwa kwa kipande. Wateja ninao, siwezi kumkufuru Mungu. Shida yangu ni muda. Nafungua saa 2 asubuhi, nafunga saa 2 usiku, kisha nabeba kazi nyumbani nashona mpaka saa 6. Kwa wiki zinatoka nguo 11, nikijitutumua 12. Kwa yule bosi nilikuwa natoa 20 na nalala mapema. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa, maana mikono ni ileile.

Siku yangu iko hivi. Nikikaa tu, ndiyo kwanza nimetia bobini, simu inaita: "Dada, lile gauni langu vipi?" Namaliza kumpoza, anaingia mwingine kupimwa. Huyo akitoka nakuta uzi wa rangi ya maboga umeisha, napanda daladala hadi Kariakoo kufuata uzi mmoja na zipu mbili. Nikirudi adhuhuri imeshapita. Ovaloki, ile mashine ya kuziba kingo za kitambaa zisifumuke, sina, napeleka kwa jirani, shilingi 500 kwa nguo, na foleni yake ni kama ya zahanati.

Nataka kabla ya Desemba niwe na mashine ya pili na kijana wa kuikalia. Je, niajiri sasa, au mimi ndiye sina mpangilio? Karibuni.

Mtazamaji_Tu
Ngoja waje wenye uzoefu. Nimeweka kambi hapa.

KijanaWaBandari
Uzi wa fundi cherehani, lazima utakuwa mrefu 😂

MzeeWaDaftari
Binti yangu, usiajiri mtu kwa kuhisi. Nunua daftari la shilingi 500, liweke pembeni ya cherehani siku sita. Kila mguu wako unapotoka kwenye pedali, andika saa na sababu. Andika papo hapo, usingoje jioni, jioni utajipendelea. Ukimaliza rudi hapa na majibu, ndipo tuzungumze habari za kijana.

FundiWaZiwani
Dada, huu ni mwaka wangu wa 14 kwenye kazi hii, niko Mwanza. Nimesoma maelezo yako mara mbili. Kwa bosi ulikuwa unatoa nguo 20 kwa sababu ulikuwa unashona tu. Hukupima, hukupokea simu, hukufuata uzi, na nina hakika kulikuwa na mtoto wa kutia vifungo na kupiga pasi. Sasa hivi wewe ni fundi, karani, tarishi na mpiga pasi. Kwa hali hiyo nguo 11 siyo aibu.

Lakini kuna jambo umelipitia haraka, nalo ndilo linalokumaliza. Hizo simu za "gauni langu vipi" zinatoka wapi? Sisi mafundi tunajulikana nchi nzima kwa uongo wa "njoo kesho". Tunadhani tumemwondoa mteja, kumbe tumemwalika. Uliyemwambia kesho mara tatu atakuja mara tatu, na kila akija anakaa kwenye benchi dakika 20 anakusomea risala. Akiona kitambaa chake hakijaguswa, wewe kwa aibu unaacha ulichokuwa unashona unaanza cha kwake. Sasa una nguo mbili nusunusu, na mwenye ile ya kwanza naye yuko njiani anakuja. Muda unaoliwa na uongo huo ni wako, siyo wa mteja.

Mimi nilianza kutaja siku 10 pale nilipokuwa nataja 4. Wapo waliobeba vitambaa vyao wakaondoka, sikatai. Waliobaki hawapigi simu, wanakuja siku ya siku.

Jingine, acha kushona nguo moja mwanzo mpaka mwisho. Kata zote siku moja, halafu zipange kwa rangi ya uzi, nyeusi na nyeusi, nyeupe na nyeupe. Kila ukibadilisha uzi unabadilisha na bobini, unajaribu kwenye kipande cha kutupa, mshono unaruka, unakaza, unalegeza. Ukifanya hivyo mara saba kwa siku, hesabu mwenyewe. Ovaloki nayo usipeleke mojamoja. Mwombe jirani akupokee kabla hajafungua, umpelekee mzigo wote, mlipane kwa jumla.

Kariakoo iwe siku moja kwa wiki. Chukua koni kubwa za rangi zinazotembea, zipu kwa dazeni. Mteja akileta kitambaa, hapohapo linganisha na nyuzi zako. Kama huna rangi yake, andika kwenye orodha ya siku hiyo.

MamaWaKeki
Mimi naoka keki, ila simu ziliniua vilevile. Weka ile WhatsApp ya biashara, ni ya bure. Ina majibu ya haraka unayoyaandika mara moja tu, ina lebo za kutenganisha aliyelipa kishika uchumba, yaani malipo ya awali, na anayeuliza bei tu, na ukifunga inajibu yenyewe. Mimi najibu saa 7 mchana na saa 12 jioni, basi. Wiki ya kwanza walinuna.

NimekulaHasara
Naomba niende kinyume. Hii haraka ya kukua ndiyo iliyonimaliza. Nilikuwa na saluni, Ramadhani kazi zikajaa, nikaajiri wasichana wawili kwa mpigo. Baada ya Idi nikawa nalipa watu wawili wa kuchezea simu. Fundi, angalia kwanza kazi zako za mwezi mkavu, usiangalie za msimu.

MzeeWaDaftari
@NimekulaHasara umesema kweli. Ndiyo maana nikasema daftari kwanza.

Mpangaji_07
Kuna hili halijasemwa. Marekebisho unafanya? Kupunguza suruali, kubadilisha zipu? Nauliza kwa sababu gauni la 25,000 likikuchukua saa tano, ni 5,000 kwa saa. Suruali ya 3,000 ukiipunguza kwa dakika 20, ni 9,000 kwa saa. Watu wanadharau marekebisho kwa kuwa bei ni ndogo.

FundiWaZiwani
@Mpangaji_07 hesabu yako ni nzuri kwenye karatasi. Umesahau kwamba kila suruali inakuja na mwenyewe, na mwenyewe anataka asubiri hapohapo, na akisubiri anapiga stori. Suruali tano ni stori tano. Zichukue dada, ila ziwekee saa yake, mfano saa 10 mpaka saa 12 jioni, nje ya hapo waache waondoke.

MtaaWaKati
Kuhusu mashine ya pili, kuna ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Haina riba. Ila inatoka kwa vikundi, na mlolongo wake ni mrefu, kwa hiyo anza kumwona afisa maendeleo ya jamii wa kata yako mapema. Usiuhesabu kama hela ya Desemba.

BintiMkasi
Wakuu nimerudi, daftari limejaa. Siku sita, saa 72 za dukani. Mashine imezunguka saa 29 tu! Simu na watu wa "vipi" saa 17. Kariakoo mara tatu, saa 9. Kusubiri ovaloki saa 6. Zilizobaki ni kukata, pasi na kula. Nilipojumlisha nilikaa kimya kidogo. Kumbe nilikuwa nashona usiku kwa sababu mchana sishoni.

@FundiWaZiwani umenipiga palepale. Nilihesabu na ahadi zangu: katika nguo 11 za wiki ile, 8 nilikuwa nimezitajia siku ninayoijua kabisa kuwa haiwezekani.

MzeeWaDaftari
Saa 17! Ungeajiri kijana angekusaidia kupokea lawama.

KijanaWaBandari
Mzee una maneno wewe 😂😂

BintiMkasi
Mrejesho baada ya wiki tatu, maana humu watu hupewa ushauri wakapotea.

Wiki hii zimetoka nguo 16, na usiku nimeshona siku moja tu. Mteja mmoja niliyemtajia siku 10 alibeba kitenge chake, akaniambia nimeanza kuringa. Iliniuma, alikuwa mteja mzuri. Umeme nao ulikatika Jumatatu yangu ya kukata, nikakata ila pasi ikanishinda, ratiba ikaanguka hadi Jumatano. Jirani wa ovaloki ananipokea saa 1 na nusu asubuhi, kanipunguzia mpaka 400.

Kijana wa mashine sijaajiri. Nimempata binti wa hapa nyuma, anakuja saa 9 alasiri, anatia vifungo, anashona pindo kwa mkono na kupiga pasi, nampa 1,000 kwa nguo iliyokamilika. Pindo zake mbili za kwanza nilizifumua. Sasa hivi zinanyooka.

NimekulaHasara
Hapo kwa kipande umecheza vizuri. Kazi zikipungua na malipo yanapungua, hakuna wa kumnunia mwenzie.

FundiWaZiwani
Safi sana dada. Swali moja: Januari inakuja, sare za shule umezifikiria? Kipimo kinafanana, rangi moja ya uzi, unakata kwa mafungu. Kwa fundi anayehesabu saa, hakuna kazi tamu kama hiyo.

BintiMkasi
@FundiWaZiwani umeniwahi kaka. Shule moja ya hapa mtaani inataka sare 60 kabla hawajafungua. Nimewaambia nitawajibu Jumanne, nikitoka Kariakoo kuuliza bei ya kitambaa na nikishakaa na daftari langu.