Tupeane uzoefu: Tuliosafiri kufanya mazoezi kule sanaa ya mapigano ilikozaliwa

Mwanzisha mada, Dar es Salaam

Ndugu zangu, salaam. Kila kijana wa dojo yetu, yaani ukumbi wetu wa karate, anapofunga mkanda mweusi, swali lake la kwanza kwangu huwa ni namna ya kufika Okinawa, visiwa vya Japani ilikozaliwa karate, na kwa kuwa nimekwenda huko mara mbili, nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Naomba tukusanye hapa simulizi za waliosafiri hadi kwenye chimbuko la sanaa wanayoifanya, liwe Japani, Thailand, China, Brazili au kwingineko. Naanza mimi.

Mimi ni mtu wa Goju-ryu, mtindo wa karate ambao wazee wetu wa Dar es Salaam waliupokea miaka ya 1970 kutoka kwa Nantambu Camara Bomani, Mmarekani Mweusi, na tangu utotoni nilisikia habari za Naha, mji mkuu wa Okinawa, kama mtoto wa bara asikiavyo habari za bahari. Nilipofika kwa mara ya kwanza nilikuwa nimejiandaa kuonyesha Seiyunchin, kata (mfululizo wa mapigo na mikao iliyopangwa) niliyoisugua miaka mitatu. Mwalimu, mzee aliyepita miaka sabini, aliitazama hadi mwisho, akatikisa kichwa kwa upole, kisha akanionyesha kona yenye vyombo vya hojo undo, yaani mazoezi ya kuimarisha mwili kwa zana za jadi. Kulikuwa na chi ishi, ambayo ni uzito wa jiwe uliochomekwa mpini wa mti, na nigiri game, mitungi ambayo ukingo wake wa juu hushikwa kwa ncha za vidole, ikabebwa huku ukitelezesha miguu kwa hatua za Sanchin, kata ya msingi ya mtindo wetu. Nilidhani mitungi ile ilikuwa mitupu. Ilikuwa na mchanga.

Kwa wiki mbili nzima sikufundishwa kata mpya hata moja. Kila jioni nilirudia Sanchin nikiwa kifua wazi, na mzee akapita nyuma yangu akinipiga makofi mabegani na mapajani ili aone kama mwili umeshikamana, kama mnunuzi anavyogonga nazi kabla ya kulipa. Kosa langu lilikuwa moja tu: pumzi yangu ilikuwa na kelele nyingi na iliishia kooni. Mzee hakujua Kiingereza cha kutosha, nami Kijapani changu kilikuwa cha salamu, kwa hiyo aliushika mkono wangu na kuuweka tumboni mwake chini ya kitovu, akapumua polepole, nikahisi mahali pumzi inapofika. Somo hilo halikuchukua hata dakika mbili, na ndilo lililonifanya nirudi mara ya pili.

Mchana dojo nyingi huwa zimefungwa, kwa sababu ni ndogo, baadhi ziko chini ya nyumba ya mwalimu mwenyewe, na mazoezi huanza jioni watu wakitoka kazini. Nilitumia saa hizo kutembea. Katika bustani ya Matsuyama kuna mnara wa kumbukumbu ya Higaonna Kanryo na mwanafunzi wake Miyagi Chojun, aliyeupa mtindo wetu jina, na jirani yake kuna bustani ya Fukushuen inayoenzi uhusiano wa Naha na Fuzhou nchini China. Hapo ndipo lilipoanza kuniingia jambo nililokuwa nimelisoma bila kulitafakari: Higaonna naye alivuka bahari kwenda Fuzhou kujifunza, na Miyagi alikwenda huko baada yake kutafuta nyayo za mwalimu wa mwalimu wake. Hata neno karate liliandikwa kwa maana ya mkono wa China kabla ya maana ya mkono mtupu kushika mahali pake, na walimu waliokutana Naha tarehe 25 Oktoba 1936 ndio walioliafiki jambo hilo. Mimi niliyedhani nimefika kwenye chemchemi nilikuwa nimesimama kwenye kijito.

Mchangiaji, Nairobi

Asante, Mwalimu, kwa kutufungulia. Mimi ni mwanamke, nilianzia ndondi hapa Nairobi kabla ya kuhamia Muay Thai, mapigano ya jadi ya Thailand, na nilikaa Thailand miezi mitatu: mwezi mmoja Phuket, katika mtaa wa Chalong wenye kambi zilizopangana kama maduka, na miezi miwili Isan, kaskazini mashariki, wanakotoka mabondia wengi wa nchi ile. Phuket nilijifunza kwa starehe, kwa maana kila mwalimu amezoea mgeni na anajua kumsifu ili arudi kesho. Isan hakuna aliyenisifu. Tulikimbia alfajiri kabla jua halijapanda, tukapiga pedi na begi, tukalala mchana, na alasiri tukarudia yote pamoja na kukabana shingoni, zoezi ambalo kwa kweli ndilo lililonivunja. Msichana wa miaka kumi na mitatu, mwepesi kuliko mimi kwa kilo kumi na tano, alinizungusha kama mlango kila nilipomshika, na nilipomuuliza kwa ishara siri yake ni nini, akaelekeza kidole kwenye miguu yangu na kucheka.

Niseme pia lisilopendeza. Kambi moja niliyoipitia ilikuwa na ulingo ambao wanawake hawakuruhusiwa kuupanda, kwa imani kwamba mwanamke huuondolea baraka, na tulifanya mazoezi kando, kwenye mikeka. Najua mambo yanabadilika, kwani uwanja maarufu wa Lumpinee wa Bangkok ulifungua ulingo wake kwa pambano la wanawake mwaka 2021, lakini dada anayepanga safari aulize mapema badala ya kugundua akiwa tayari amelipa. Nilihama baada ya siku nne.

Kilichonigusa zaidi ni wai khru, ngoma ya heshima ambayo bondia huicheza kabla ya pambano kumshukuru mwalimu wake. Muziki wake unapigwa kwa ngoma, vitasa na pi chawa, ala ya kupuliza ambayo sauti yake ni ya zumari kabisa; mama yangu ni mtu wa Lamu, na nilipoisikia mara ya kwanza niligeuka kutafuta harusi iko wapi.

Mchangiaji, Brussels (mzaliwa wa Lubumbashi)

Ndugu wa Dar es Salaam, hilo la kijito limenishika, kwa sababu mimi nilikwenda Salvador, Brazili, kwa ajili ya capoeira, sanaa ya mapigano inayochezwa duarani kwa muziki, na niliwakuta wenyeji wakiniuliza mimi habari za chimbuko. Shule niliyofanyia mazoezi ni ya Capoeira Angola, tawi lililolindwa na Mestre (yaani mwalimu) Pastinha, aliyefariki mwaka 1981, na mzee aliyetufundisha aliposikia kwamba ninatoka Congo, nchi inayopakana na Angola, aliniketisha karibu na wapiga berimbau, ala ya upinde yenye uzi mmoja, na kuniuliza maana ya maneno ya nyimbo zao. Mengi sikuyajua. Lakini nje ya mazoezi niliyatambua mengine: mafuta ya mawese wanayaita dendê, neno la Kimbundu, lugha ya Angola, kitinda mimba wanamwita caçula, nalo ni la hukohuko, na duka la mboga linaitwa quitanda, jambo lililonifanya siku ya kwanza nidhani muuza nyanya anauza vitanda. Acarajé inayokaangwa barabarani ni bagia ya kunde, ila ni kubwa na inaogelea katika mawese.

Kuhusu mazoezi yenyewe, nilikuwa nimezoea mchezo wa kasi na wa kuruka tunaoufanya Ulaya, na pale nilikatazwa kuruka. Wanacheza chini, polepole, kwa hila, na unapoingia duarani bila kuchuchumaa kwanza miguuni pa berimbau, mchezo haukuhesabu. Sanaa hii ilikuwa kosa la jinai katika sheria ya Brazili ya mwaka 1890, na mzee wetu alikuwa akisema kwamba anayeonyesha nguvu zake zote mbele ya askari hajajifunza chochote. Nilianguka mara nyingi kwa kufagiwa mguu na mtu aliyekuwa akitabasamu.

Mchangiaji, Mombasa

Yangu ni fupi. Nilikwenda Dengfeng, China, chini ya mlima Songshan lilipo hekalu la Shaolin linalojulikana kwa kung fu, nikidhani nitafundishwa na watawa. Nilifundishwa na kijana wa miaka ishirini katika shule ya bweni, mojawapo ya nyingi zilizozunguka mji, na muda mwingi nilikaa katika mabu, mkao wa mpanda farasi, kwenye baridi ambayo mtu wa Pwani hawezi kuielezea. Sijutii, kijana yule alikuwa hodari. Wakala aliyenipangia safari, hata hivyo, alikuwa ameniahidi hekalu lenyewe, na hekaluni niliingia kwa tiketi kama mtalii mwingine yeyote.

Mchangiaji, Mwanza

Shikamoo, Mwalimu. Ninafunga mkanda wa kahawia. Je, nisubiri mweusi kwanza? Na nijiandae na nini hasa?

Mwanzisha mada, Dar es Salaam

Marahaba, mwanangu. Subiri, si kwa sababu ya rangi ya mkanda, bali ukifika na msingi uliokwisha kushikika mwalimu atapata cha kurekebisha. Mwombe sensei (mwalimu) wako akuandikie barua ya utambulisho na usubiri jibu kabla ya kukata tiketi, maana dojo ndogo hazipokei mtu anayebisha hodi tu. Kwa asiye na mwenyeji, kuna Okinawa Karate Kaikan, kituo cha karate mjini Tomigusuku, iliyofunguliwa mwaka 2017, ambayo ni mahali pazuri pa kuanzia kuulizia. Beba sare mbili au tatu, kwa sababu kiangazi cha kule kina unyevu kama wa Dar es Salaam mwezi Machi na nguo haikauki hadi kesho yake jioni. Acha siku kadhaa wazi katika ratiba, kwani safari ya pili kimbunga kilitufungia ndani. Na ukate kucha kabla ya kuishika ile mitungi. Mimi nilipoteza moja siku ya pili.