MREJESHO: Mitumbwi ya klabu, Ziwa Duluti

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza namna ya kutunza mitumbwi ya faibaglasi na kutumia makasia kwa kupokezana kipindi cha masharti ya korona, 2020.

Kuilaza kifudifudi juu ya magogo, turubai likiachiwa hewa pembeni, kumefaa kabisa. Masika imepita bila ukungu. Mishikio ya makasia tunaosha kwa maji na sabuni kila mpigaji anapobadilika. Jiki tumeiacha, inakula vyuma.

Kiraka cha kuziba ufa wa mtumbwi ndicho kilichosumbua. Rezini (gundi ya faibaglasi) lita 1 kwa hadena (dawa ya kuigandisha) mililita 20 ilibaki inanata, maana baridi ya Julai na unyevu ndani ya ufa huizuia kukauka. Aliyeshauri tukaushe ufa kwanza, tusugue kwa msasa namba 80, kisha tupake mchana jua likiwaka, ubarikiwe: kimeshika. Ila kwenye ukingo wa nyuma bado panavuja kidogo.