Picha ya saketi ina ukungu halafu unaniambia "zumu"?? ZUMU NINI

Jamani naandika mkono unatetemeka, lehemu yenyewe haijapoa. Mnamjua. Yule yule wa kutuma kila kitu picha. Nimemwomba kistaarabu kabisa, mkuu nitumie skimatiki, yaani mchoro wa saketi, kwa HTML, faili moja tu, mchoro SVG wa mistari isiyofifia ukikuza humo humo, skripti humo humo, nafungua kwenye brauza hata bila intaneti, nikigusa rezista inanipa thamani, nikigusa waya unawaka wote mpaka unapoishia. Akanitumia JPEG. Skrinishoti ya skrinishoti, rezista zimekuwa viluwiluwi! Nikamuuliza hii rezista R2 ni ngapi, akajibu neno moja. Zumu.

Nimezumu. Nimezumu mpaka pikseli zimekaa kama matofali ya ukuta. Kumbe ni 3.3k, nukta imeliwa na picha, mimi nikasoma 33k. Sasa LM2596, regyuleta ya volti, ile ya kurekebisha, fidibeki yake ni volti 1.23, rezista ya chini 1k ya juu 3.3k unapata volti 5.3 hivi, ukiweka 33k inatafuta karibu volti 42, itazitoa wapi, inakusukumia karibu zote 12 ulizoiingizia. Chipu yangu ATmega328P mwisho wake ni volti 6! Moshi uliotoka ungeendesha treni.

Watu huandika 3k3 ili k ikae mahali pa nukta isipotee kwenye fotokopi, hata hilo kashindwa. Na KiCad, programu ya kuchorea saketi, inatoa SVG yenyewe, ni kubonyeza tu. Mtu chipu imeungua unamwambia zumu. ZUMU!!

Mkono_wa_Lehemu: Pole mkuu. Mimi nilimuuliza thamani ya kapasita akanitumia picha ya kapasita

VoltiMia: Sasa na wewe unapachika chipu kabla ya kupima regyuleta inatoa ngapi? Multimita umeiweka pambo?

Mwenye uzi: Sijaongelea multimita. Naongelea kuambiwa zumu

VoltiMia: Ungepima usingezumu 😂

FundiKimya: Mi wanaonimaliza ni hao hao wa HTML. Unaambiwa faili linajitegemea, unafika mahali hakuna mtandao unafungua, jeupe pee, kumbe skripti inavutwa kutoka seva huko. Linajitegemea wapi hilo

Mkono_wa_Lehemu: Jeupe pee 😂😂 Na wale wa kukatiza waya bila kuweka kidoto, hujui zimeungana au zinapishana tu

Mwenye uzi: Ukipewa faili zuri ungegusa waya ukajua! Ndo ninachosema tangu juu, halafu mtu ananiambia zumu

VoltiMia: Wa vidoto afadhali. Kuna mmoja kaweka alama tatu tofauti za graundi ukurasa mmoja, namuuliza ipi ya analogi ananijibu zote graundi

FundiKimya: Zote graundi 😭 huyo namjua, ndo kanipa bodi ya amplifaya inanguruma kama nyuki

Mkono_wa_Lehemu: Inanguruma hata ukiziba ingizo? Fungua uzi wake tuangalie